Kadi arobaini za kusoma kwa vidole: shajara ya kazi

Siku ya 1

Tangu asubuhi Mama anataja majina, mimi naandika. Tulipofika mwisho yalikuwa 40. Ni watu waliokuja kumjulia hali wiki zote sita alizolazwa: ndugu, majirani, wenzake wa zamani kazini, na wauguzi watatu waliomzoea hadi wakawa wanamwita Mama kama sisi. Kila mmoja apate kadi ya shukrani, na kadi itengenezwe hapa nyumbani. Hilo halina mjadala.

Kugonga mihuri kwenye karatasi ni kazi ninayoipenda. Nimeifanya miaka kadhaa, kadi tatu leo, nne kesho, za siku ya kuzaliwa au za pole. Arobaini kwa mpigo sijawahi, ila kilichonifanya nifungue daftari hili ni sharti la Mama. Presha ya macho ilishachukua sehemu kubwa ya kuona kwake. Kilichobaki ni mwanga na kivuli, na maumbo makubwa yakiwa meusi juu ya meupe. "Siwezi kutia saini kitu nisichokijua," ameniambia. "Nitaishika kwanza. Nikiielewa, nitasaini."

Kwa hiyo kadi lazima isomeke kwa vidole.

Nimemwekea mezani karatasi za aina tano. Ya kwanza ni ile ya ofisini, gramu 80 kwa mita ya mraba. Aliisukuma kando papo hapo: "Hii risiti." Ya pili, manila laini ya gramu 250, akasema ni imara lakini haina neno. Ya tatu ilikuwa na vimistari vyembamba sambamba, ya nne imefinywa ifanane na kitani. Zote mbili alizipapasa kwa heshima, akazirudisha. Ya tano ni karatasi ya kuchorea kwa rangi za maji, gramu 300, ya pamba, ile yenye chembe. Hapo mkono ulitulia. Alikwenda nayo huku na huku, akaigeuza, akaipitisha hata shavuni. "Hii ndiyo. Hii ina ngozi."

Chembe hizo hutokana na blanketi za sufu ambazo karatasi hushindiliwa nazo ikingali mbichi, ikakauka na alama zake. Aina hiyo hiyo ikipitishwa kwenye rola za moto hutoka laini. Mama amechagua yenye ngozi, nami najua tayari nimepewa kazi, maana karatasi ya chembe na muhuri ni vitu viwili visivyopatana kirahisi.

Siku ya 2

Vipimo. A4 ni milimita 210 kwa 297. Ukiikata katikati ya urefu unapata vipande viwili vya 148 kwa 210. Kila kipande ukikikunja mara moja unapata kadi ya A6, nayo inaingia bila kubanwa kwenye bahasha ya C6, ambayo ni 114 kwa 162. Karatasi 23 zinatosha kadi 46, akiba ya sita.

Kadi ya kwanza imepasuka mgongoni. Ya pili pia. Nilipozileta karibu na taa niliona nyuzi zimesimama kwenye mkunjo kama ukingo wa kitambaa kilichokatwa bila kupindwa.

Sababu ninaijua, na nilipaswa kuiangalia kabla ya kushika kisu. Karatasi ya mashine ina mkondo: nyuzi zake nyingi hulala kuelekea upande ambao mashine ilikuwa ikivuta. Ukikunja kwa kufuata mkondo, nyuzi hujipanga na mkunjo hulala. Ukikunja kwa kuukata mkondo, unazivunja moja moja, na kadiri karatasi inavyokuwa nzito ndivyo inavyoonekana. A4 nyingi za kawaida mkondo wake hufuata urefu. Hizi nilizikata mwenyewe kutoka karatasi kubwa, nikifuata jinsi zinavyoingia vizuri bila kubakiza vipande. Mkondo ukaishia kulala kwenye upana.

Nimehakikisha kwa njia ya zamani: kata ukanda mdogo, lowesha upande mmoja kwa sponji, subiri. Nyuzi zikinywa maji hunenepa zaidi ya zinavyorefuka, basi ukanda hujiviringisha kama mkeka, na mkeka huo hulala sambamba na mkondo. Wangu ulilala sambamba na upana. Jibu lisilo na shaka.

Tiba imepatikana bila kununua karatasi nyingine. Badala ya kukata katikati ya urefu, nakata kufuata urefu: vipande viwili vya 105 kwa 297, kisha mkunjo juu, kwenye 148. Kadi inabaki A6 ile ile, ila inafunguka kwenda juu kama paa la nyumba, na mkunjo sasa unafuata mkondo. Kwanza navuta mfuo kwa kalamu ya wino iliyokwisha, rula ikiwa imeshikwa kwa nguvu, halafu nakunja ili ule upande uliotuna kwa chini uwe ndani. Watu wengi hukunja kinyume, wakidhani mfuo ni bonde la kukunjia. Mgongo umetoka safi. Mama amepitisha kidole juu yake na kusema "paa," kabla sijamwambia kitu.

Siku ya 4

Leo ilikuwa siku ya mihuri, na haikwenda vizuri.

Nina muhuri wa mpira ninaoupenda kuliko yote: shada la maua lenye mistari myembamba kama unywele. Nimeugonga kwenye karatasi ya Mama kwa wino wa maji, ule unaonywewa na karatasi na kukauka haraka. Picha imetoka na matundu kila mahali. Wino umekaa juu ya vilima vya chembe tu, mabondeni haukufika, na mstari mwembamba ukikosa wino mara tatu ndani ya sentimita moja huo si mstari tena.

Nimejaribu yote niliyoyajua. Kuweka sponji nyembamba chini ya karatasi ili ibonyee kuufuata muhuri: afadhali kidogo. Kugandamiza kwa nguvu zaidi: mabonde yamejaa, na nafasi kati ya petali nazo zimejaa. Kutia wino mara mbili: madoa. Kuigeuza karatasi upande wa nyuma, ambao mara nyingi huwa na chembe hafifu: hapo ndipo nilipopata picha bora, na bado jicho langu halikuridhika.

Ile bora niliigonga upya kwa wino unaochelewa kukauka, nikainyunyizia unga wa nakshi na kuuyeyusha ili mistari iinuke, ndipo nikampa Mama. Alipapasa muda mrefu. Namjua akiwa anatafuta neno la kutoniumiza.

"Naisikia karatasi," akasema. "Ua silisikii."

Hilo limenikaa kichwani jioni nzima. Chembe zilizomfurahisha juzi ndizo zinazoficha ua leo. Kwa kidole, kilima cha karatasi na kilima cha mchoro ni kitu kimoja, na chembe ni nyingi kuliko mistari. Ni kama kumwita mtu sokoni.

Siku ya 5

Nimepumzisha mikono. Nimekata kadi zote 46 na kuzivutia mifuo.

Siku ya 7

Kama chembe ni kelele, basi mchoro unahitaji mahali pa kimya. Hilo ndilo nililoamka nalo, na nimejaribu kupapata kwa njia mbili.

Ya kwanza nimeiiba kwa wachapaji wa mabamba ya shaba. Karatasi yao hulowanishwa ndipo ishindiliwe juu ya bamba, na bamba huacha uwanja uliolala, wenye ukingo unaoshikika. Mimi sina shindilio, nina kijiko. Nimelowesha uwanja mdogo katikati ya kadi kwa sponji, nikaweka karatasi nyembamba juu yake, nikasugua kwa mgongo wa kijiko mpaka chembe zikalala, kisha kadi ikalala chini ya vitabu. Matokeo ni mazuri kweli. Uwanja umezama kidogo, na kidole kikitoka kwenye ngozi kikiingia humo kinahisi kama kimeingia chumbani. Lakini dakika 20 za kusugua kwa kadi moja, mara 46, ni saa zaidi ya 15, na bega langu limeshajibu. Nimehifadhi kadi hiyo moja. Najua ya nani: muuguzi wa zamu ya usiku.

Ya pili ni kiraka. Nakata manila laini, ile ya gramu 250 ambayo Mama alisema haina neno, na kuibandika katikati ya karatasi ya chembe. Kisicho na neno ndicho ninachokihitaji hapa. Kiraka cha milimita 70 kwa 105 kinatoka mara nane kwenye A4 moja, kwa hiyo karatasi sita tu zinanipa viraka 48. Pembeni na juu inabaki ngozi ya milimita 17 na nusu, chini 25 na ushee. Nafasi ya chini naiachia kubwa makusudi, kwa sababu kitu kikikaa katikati kabisa jicho hukiona kama kinateleza.

Kubandika: gundi ya maji nimeiacha baada ya jaribio moja. Maji yake yanainywesha manila upande mmoja na kiraka kinapinda kama kigae. Tepu ya pande mbili haina maji, inalala. Nilijaribu pia ile tepu nene ya sponji inayokiinua kiraka, na Mama aliipenda sana, ila bahasha ilivimba, na kidole kikigandamiza katikati kiraka kinabonyea na unga ulioyeyushwa unapasuka. Tepu bapa, basi.

Siku ya 8

Mistari myembamba nimeachana nayo. Hata kwenye manila laini, maua yale yanamfikia Mama kama "nyasi". Mistari iliyokaribiana mno huungana chini ya kidole. Hapa nimepata kipimo cha kuaminika mahali ambapo sikukitarajia: maandishi ya Braille. Louis Braille aliyachapisha Ufaransa mwaka 1829, nukta sita kwa herufi, na nukta hizo huachana kwa takribani milimita 2.5 kutoka kitovu hadi kitovu. Hizo ni za wasomaji waliozoea tangu utotoni. Mama ameanza kusoma kwa vidole akiwa mtu mzima, na hajifunzi herufi, anatafuta umbo. Basi nimejiwekea sheria: hakuna nafasi chini ya milimita 3 kati ya mstari na mstari, na hakuna mstari mwembamba kuliko milimita 1 na nusu.

Muhuri wa namna hiyo sina, kwa hiyo nitachonga.

Siku ya 9

Nimechonga tawi lenye majani saba kwenye kipande cha linoleamu laini, 50 kwa 80. Kila jani lina mshipa mmoja tu katikati, uliochimbwa.

Namna ya kuhamisha mchoro, kwa anayeanza: chora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, ilaze kifudifudi juu ya linoleamu, sugua mgongoni kwa ukucha. Mchoro unahamia ukiwa umegeuka, na ukigongwa unageuka tena, unarudi ulivyochorwa. Hii ni muhimu zaidi kwa maneno. Nilichonga pia neno ASANTE la ndani ya kadi, na kwa kujiamini nililichora moja kwa moja juu ya linoleamu bila kuhamisha. Lilipogongwa, A na T zilikuwa salama kwa kuwa haziathiriwi na kioo, lakini neno lilianzia mwishoni na S, N na E zilitazama nyuma. Saa moja na nusu ya kazi. Nimechonga lingine.

Kisu cha kuchongea nakiegemeza ili ukuta wa mstari uteremke kwenda nje, chini uwe mpana kuliko juu. Ukichimba kuelekea ndani, mstari unabaki bila msingi na unakatika kabla hujafika kadi ya kumi. Na ni kipande kinachozungushwa, mkono wenye kisu unatulia. Jani likizunguka chini ya kisu, mviringo wake unatoka bila kona.

Jaribio la kwanza, Mama: "Moja, mbili, tatu..." Alihesabu hadi saba. Sikumwambia ni mangapi.

Siku ya 11

Unga. Hii ndiyo hatua inayoinua mchoro, na ndiyo niliyoijaribu zaidi.

Unga wa nakshi ni chembechembe za plastiki zinazoyeyuka zikipata joto. Unahitaji wino unaochelewa kukauka, kwa hiyo wino wa maji haufai, ukigeuka kuchukua kopo umeshakauka. Nimetumia wino mzito wa pigimenti, ambao hukaa juu ya karatasi. Rangi ni buluu iliyokaribia nyeusi, kwa ajili ya ule mwanga na kivuli uliobaki kwa Mama, na unga hauna rangi. Ukiyeyuka unaizidishia buluu kina.

Kwanza, kabla ya wino, napangusa kiraka kwa kitambaa chenye poda kidogo. Mafuta ya vidole na umeme tuli hushika unga mahali pasipotakiwa, na punje moja iliyoyeyuka nje ya jani kwa jicho ni doa, kwa kidole ni jani la nane. Kisha muhuri, kisha unga wa kutosha kufunika kila kitu, halafu kiraka kinainamishwa juu ya karatasi iliyokunjwa na kugongwa mgongoni kwa kidole. Unga uliobaki unarudi koponi. Mpwa wangu wa miaka kumi amechukua kazi hii na haruhusu mtu mwingine aiguse. "Shangazi, umesahau kupangusa," ananiambia, na kweli nimesahau.

Joto: kikausha nywele hakifai, hupeperusha unga kabla hakijapata moto wa kuuyeyusha. Hita ya mkono ya kazi hii hupuliza taratibu na kwa moto mkali. Hiyo ni yangu peke yangu, mtoto anasimama ng'ambo ya meza. Naiwasha pembeni mpaka ipate moto kamili, ndipo naileta, na napasha kutoka chini ya kiraka. Unga unakaa kama mchanga, kama mchanga, halafu ghafla unang'aa, na mng'ao unatembea kutoka jani hadi jani. Nimeona mara mia na bado nashusha pumzi.

Mng'ao ukishapita, ondoa. Nilichelewa kwenye kimoja na unga ukazama ndani ya karatasi, jani likalala bapa lenye rangi ya mafuta.

Safu moja Mama aliisikia, lakini kwa kutafuta. Basi nimeongeza ya pili: unga ungali wa moto na unanata, nyunyiza tena juu yake, gonga, pasha. Tofauti ni kubwa. Alipoishika ya safu mbili hakuhesabu. Alifuata shina kutoka chini hadi jani la juu kabisa bila kusimama, akarudi, akafuata tena.

Siku ya 13

Viraka 48 tangu asubuhi. Vilivyoharibika ni vinne: viwili muhuri uliteleza, kimoja niliunguza, kimoja mpwa alikipiga chafya. Vimebaki 44, vinatosha. Linoleamu naiosha kwa maji na sabuni kidogo kila baada ya kugonga mara kumi na kuikausha kabisa, kwa sababu tone likibaki mfereji unachapisha ukungu.

Kiraka cha 31 hivi kugongwa ndicho kilichotoka bora kuliko vyote. Mkono ulikuwa umeacha kufikiri.

Siku ya 14

Ndani. Neno ASANTE juu, buluu ile ile, bila unga, kwa sababu ndani ni kwa ajili ya macho ya mpokeaji. Chini yake naandika kwa mkono maneno aliyonipa Mama. Nilimletea sentensi ndefu nilizoziandaa, akazisikiliza zote kwa subira, kisha akasema yake: "Nilisikia hatua zako mlangoni." Huko wodini, kabla mtu hajasema neno, alishamjua kwa mwendo. Nimeiandika mara 40, na sikuwahi kuchoka nayo.

Siku ya 16

Saini. Nimekata kidirisha kwenye kipande cha manila, milimita 15 kwa 70. Nakilaza ndani ya kadi pale saini inapotakiwa, Mama anaingiza ncha ya kalamu, anahisi kuta nne, anaandika ndani yake bila kupotea. Jina lake limetoka limenyooka kama la zamani.

Ila kabla ya kila saini anaifunga kadi kwanza na kuishika nje. Paa, ngozi, kiraka, tawi. Nilidhani baada ya tano au sita angeacha, kwa kuwa zinafanana. Hakuacha. Ananiuliza jina la mwenye kadi, anafuata shina na kidole cha shahada, ananyamaza kidogo, anafungua, anasaini. Kwa wengine ananyamaza muda mrefu.

Zilizokamilika hadi saa hii ni 33. Moja ameirudisha: "Hii jani la tatu limelala." Nimeiangalia chini ya taa, na kweli, safu ya pili haikushika pale. Kesho nitaigonga upya kwa ajili yake, na zile sita zilizobaki atazisaini asubuhi, mkono ukiwa haujachoka. Ya muuguzi wa usiku ameomba iwe ya mwisho.